Kutoka Madungu kwa skuta: vumbi la Pemba na mkanda ambao familia haiuoni

Mvua za vuli zikimalizika, Pemba hukauka kwa wiki chache tu kabla ya masika kurudi. Kisiwa hiki hupata mvua nyingi kuliko Unguja, kwa hiyo kiangazi chake ni kifupi, lakini kinapokuja hakifichiki. Majani ya migomba iliyo kandokando ya njia za ndani hugeuka mekundu kwa vumbi. Nguo zilizoanikwa karibu na barabara hurudi ndani zikiwa chafu kuliko zilivyotoka.

Huo ndio wakati ambao familia za Madungu, mjini Chake Chake, hutoka. Skuli zimefungwa au ndiyo kwanza zinafunguliwa. Kuna harusi za kuhudhuria, kuna bibi wa shamba anayesubiri wajukuu, na kuna watoto wanaotaka kuoga baharini. Gari si la kila nyumba. Chombo cha safari hizi, kwa nyumba nyingi, ni skuta ya otomatiki, ile ambayo Zanzibar nzima bado inaiita vespa hata kama aliyeitengeneza ni kampuni nyingine kabisa.

Skuta hiyo inabeba mtoto mbele ya mama, mkoba wa nguo pembeni na ndoo ya zawadi miguuni. Inapanda vilima bila kubadilishwa gia. Ndiyo maana imependwa. Lakini kinachoivusha vilima hivyo ni mkanda mmoja wa mpira, na wazazi wengi wanaoupanda kila siku hawajawahi kuuona.

Vespa ya babu haikuwa na mkanda

Jina moja limewachanganya watu. Vespa za zamani, zile ambazo Piaggio ya Italia ilianza kuziuza mwaka 1946 na ambazo baadaye zilizoeleka sana Zanzibar, zilikuwa na gia za kubadilisha kwa mkono wa kushoto. Nguvu ya injini ilipita kwenye vyuma vilivyokuwa ndani ya oili. Vumbi halikuwa na njia rahisi ya kuingia humo.

Skuta ya otomatiki ni jambo jingine. Ukiitazama ubavuni, upande wa kushoto, utaona boksi refu la bati linaloanzia kwenye injini hadi kwenye tairi la nyuma. Ndani yake mna puli mbili, moja mbele na moja nyuma, zikiunganishwa na mkanda mpana wenye meno upande wa ndani. Kila puli ni kama sahani mbili zilizogusanishwa migongo, na mkanda hukaa kwenye mfereji ulio katikati yake. Injini ikizunguka kwa kasi, vizito vidogo vya mviringo, ambavyo mafundi huviita rola, husukuma sahani za mbele zikaribiane. Mkanda hupanda juu, na chombo huongeza mwendo. Ukipunguza mafuta, mkanda huteremka tena na chombo hupata nguvu za kupandia.

Ufundi huu una umri mrefu. Mholanzi Hub van Doorne aliutumia kwenye gari dogo la DAF lililoonyeshwa kwa umma mwaka 1958. Leo ndio unaoendesha skuta nyingi za otomatiki duniani, pamoja na nyingi za zile pikipiki za magurudumu manne ambazo watalii hukodishwa.

Mkanda huo hufanya kazi ukiwa mkavu. Hauna oili. Unashika puli kwa msuguano tu, na msuguano huleta moto. Ili kuupoza, puli ya mbele ina mapanga kama ya feni yanayovuta hewa kutoka nje na kuipitisha ndani ya boksi. Kwenye skuta nyingi hewa hiyo huchujwa na kipande cha sponji. Kwa hiyo chombo kikipita penye vumbi, kinavuta hewa yenye vumbi. Sponji ikiwa imechanika, imejaa au imetolewa na haikurudishwa, vumbi huingia moja kwa moja kwenye mkanda.

Pujini: vumbi jekundu

Safari fupi inayofaa watoto kutoka Madungu ni ile ya kusini mashariki, kama kilomita 10, hadi Pujini. Huko ndiko yaliko magofu ya Mkama Ndume, ngome ya karne ya 15. Watoto hupenda hadithi zake: mtawala mkatili ambaye, kwa mujibu wa simulizi, aliwalazimisha watu wabebe mawe ya kujengea huku wakijiburuta kwa makalio, na kisima kilichogawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane.

Mji ukiachwa nyuma na lami ikishamalizika, njia za ndani za upande huu ni za udongo. Udongo wa Pemba unapokauka husagika ukawa laini kama unga. Lori moja la mchanga likipita, wingu lake husimama hewani kwa muda kabla ya kutua.

Ndani ya boksi la skuta, unga huo hufanya mambo matatu. Kwanza, husugua kingo za mkanda kama msasa, mkanda ukawa mwembamba kidogo kidogo. Mkanda mwembamba huzama chini zaidi kwenye puli, na chombo hakifiki tena mwendo wake wa zamani. Pili, vumbi likichanganyika na unga mweusi wa mpira na joto, kingo za mkanda hulainika na kung'aa kama zilizopigwa rangi ya vanishi. Mkanda wa namna hiyo huteleza badala ya kushika. Tatu, rola zilizotakiwa kuwa za mviringo hulika upande mmoja. Zinakwama, kisha zinaachia ghafla, na abiria wa nyuma anausikia mshtuko huo.

Jambo la kwanza la kufanya kwenye njia kama hii halina gharama. Usiandame nyuma ya gari. Simama pembeni dakika mbili, wingu litue, ndipo uendelee. Mkanda utapumua hewa safi zaidi, na mtoto aliyekaa mbele yako pia. Mapafu yake hayana sponji ya kubadilisha.

Vilima, karafuu na uzito

Vilima vya Pemba si virefu, lakini ni vingi. Waliowahi kutembea kwa miguu kutoka bonde moja la mpunga hadi jingine wanalijua hilo kwa magoti yao. Upande wa magharibi na kaskazini ndio wenye mashamba mengi ya karafuu, zao ambalo Pemba ilishika uongozi wake baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja.

Wakati wa mavuno, skuta ya nyumbani hugeuka kuwa gari la mizigo. Inabeba wachumaji asubuhi, polo jioni, na siku inayofuata inarudi kumpeleka mtoto skuli. Mafundi wanaujua msimu huo kwa vyombo vinavyofikishwa kwao.

Sababu ni rahisi kuielewa. Mkanda huumia zaidi pale chombo kinapokwenda polepole kikiwa na mzigo mzito, kwani mapanga ya puli hayavuti hewa ya kutosha huku msuguano ukiwa mkali. Kupanda kilima cha udongo na watu watatu na polo la karafuu ni jambo hilohilo. Harufu ya mpira ulioungua inayosikika juu ya kilima haitoki kwenye tairi. Ni mkanda, au ni klachi iliyo nyuma yake.

Hapa pana neno gumu kwa wazazi. Skuta imetengenezwa kwa watu wawili. Baba, mama na watoto wawili juu ya chombo kimoja ni picha inayoonekana kila siku, na kila nyumba ina sababu zake. Lakini uzito huo unabebwa na mkanda uleule, na ukikatika katikati ya kilima, waliopo juu ya chombo ni wote wanne. Safari mbili zinachosha, lakini ni salama kuliko moja ya namna hiyo. Mmoja akipanda daladala na mtoto mkubwa, skuta inabaki na uzito iliyoumbiwa.

Konde, Ngezi na mchanga mweupe

Safari inayotamaniwa zaidi na watoto ni ya kaskazini. Hupitia Konde, kisha huingia msitu wa Ngezi wenye popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani, na humalizikia ufukwe wa Vumawimbi. Ni safari ndefu kwa skuta, na sehemu yake ya mwisho si ya lami.

Ndani ya msitu, kivuli cha miti huweka udongo na unyevunyevu. Mbele zaidi, mchanga huanza. Mchanga hauruki sana kama vumbi jekundu, lakini tairi huzama. Dereva asiyezoea huongeza mafuta, injini inalia, tairi linachimba, na ndani ya boksi mkanda unateleza juu ya puli zilizopata moto. Dakika chache za hali hiyo zinaweza kuumaliza mkanda uliokuwa umebakisha miezi.

Watu wa huku wana njia yao. Abiria hushuka, mzigo hushushwa, chombo huvushwa kikiwa chepesi kwa mafuta kidogo, au husukumwa. Watoto hulichukulia hilo kama mchezo. Mchanga ukizidi, skuta huachwa kijijini kwa wenyeji na sehemu iliyobaki hutembewa kwa miguu.

Baada ya safari ya mchanga au matope kuna kosa linalofanyika sana: kuosha chombo kwa mpira wa maji wenye nguvu ukielekezwa kwenye boksi la kushoto. Maji huingia kwa tundu lilelile la hewa. Mkanda uliolowa huteleza hadi ukauke, na tope lililobaki ndani litakuwa vumbi la wiki ijayo. Boksi hufutwa kwa kitambaa, halioshwi kwa maji ya kasi.

Ng'ambo, kwenye magurudumu manne

Familia ikivuka kwenda Unguja wakati wa likizo, watoto wanaweza kukutana na pikipiki za magurudumu manne, maarufu kwa jina la kwadi, ambazo wageni huendesha kwa msafara kwenye vijiji vya pwani. Nyingi za aina hii zina mkanda kama wa skuta, ila mnene zaidi, kwa sababu chombo ni kizito.

Msafara una tabia yake: wa mbele anapata hewa, wa nyuma wanapata vumbi. Chombo kinachokaa mkiani kila siku humaliza mkanda na chujio la hewa mapema kuliko wenzake. Baadhi ya kwadi zina gia mbili za kwenda mbele, ya mwendo na ya nguvu, ambayo mara nyingi huandikwa herufi L. Kwenye mchanga mzito, kilima au mwendo wa polepole, L ndiyo inayouokoa mkanda. Anayeng'ang'ania gia ya mwendo mahali pa kutambaa anaupika.

Kwa mzazi, jambo kubwa zaidi ya mkanda ni umri. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 asiendeshe vyombo hivi. Ni vizito, hupinduka, na mtoto hana mwili wa kukidhibiti chombo kinachopinduka.

Dalili ambazo hata asiye fundi atazijua

Mkanda mara nyingi hutoa taarifa kabla ya kukatika. Tatizo ni kwamba taarifa zake hufanana na uchovu wa kawaida wa chombo kikuukuu, na watu huzizoea.

Injini inavuma lakini chombo hakiendi sawa na mlio wake. Hiyo ndiyo dalili kubwa.

Chombo kinatetemeka kinapoanza kuondoka, kisha kinatulia kikishashika mwendo.

Kilima ambacho mwaka jana kilipandwa bila shida sasa kinapandwa kwa kulia.

Kuna mlio wa kupiga au kukwaruza upande wa kushoto, hasa mafuta yanapopunguzwa.

Kuna harufu ya mpira ulioungua baada ya mlima au mchanga.

Moja ya dalili hizi inatosha kuahirisha safari ndefu. Zikiwa mbili, chombo kiende kwa fundi kabla hakijampeleka mtoto popote.

Kwa fundi, mambo ya kuulizia

Kufungua boksi la kushoto si kazi kubwa kwa fundi mwenye vifaa. Mzazi anayesimama karibu na kutazama hupata elimu ya bure. Mkanda ukikunjwa kinyume, nyufa katikati ya meno huonekana. Upana wake hupimwa kwa kifaa na kulinganishwa na kipimo cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu cha chombo. Macho peke yake hudanganya, kwani mkanda unaweza kuwa hauna ufa hata mmoja na bado umeshalika.

Vitabu vya baadhi ya skuta huagiza mkanda ukaguliwe kila kilomita 8,000 na ubadilishwe kwenye kilomita 24,000 hivi. Hesabu hizo haziwalengi watu wa njia za vumbi. Kwa anayekwenda shamba kila wiki, ni busara kufungua boksi mara mbili kwa mwaka: mara moja kiangazi kinapoanza, na tena mavuno ya karafuu yakimalizika.

Mambo manne yanastahili kuulizwa kabla ya kulipa. Je, sponji ya hewa imesafishwa na kurudishwa? Je, rola zimetazamwa, au umebadilishwa mkanda tu? Mkanda mpya ukiwekwa juu ya rola zilizolika, hautafika mbali. Je, puli zimefutwa zikawa kavu, bila grisi wala oili? Wapo wanaopaka kitu ili kuzima mlio, na mkanda uliopakwa mafuta huteleza siku ileile. La mwisho, je, mkanda ulisukumwa chini kabisa kwenye puli ya nyuma kabla nati ya mbele haijakazwa? Ukibanwa katikati ya sahani za mbele, nati huonekana imekaza, kumbe inakaza mkanda. Baada ya safari moja inalegea, na puli huharibika.

Vumbi linalotoka kwenye boksi hilo ni la mpira na la klachi. Fundi akilipuliza kwa upepo wa kompresa, watoto wasogezwe mbali.

Ukikatika njiani

Mkanda ukikatika, injini huendelea kuvuma lakini tairi halipati nguvu. Breki zinabaki zikifanya kazi. Kama ni kwenye kilima, shika breki zote mbili kwanza, chombo kisirudi nyuma, kisha abiria washuke upande ulio mbali na magari. Mara chache kipande cha mkanda hujiviringisha na kulibana tairi la nyuma. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda mwendo wa wastani unapokuwa na mtoto.

Zima injini. Kuivumisha kwa kujaribu bahati kunasaga vipande vilivyobaki ndani. Ikiwa tairi halikubanwa, chombo kitasukumika kwa wepesi hadi penye nyumba. Mtoto asiachwe amekaa juu yake kikisukumwa. Na kwa kuwa jua la Pemba huzama mapema jioni na njia za ndani hazina taa, safari ya kurudi kutoka mbali ianze wakati ambao, hata chombo kikikwama, daladala bado ipo.

Spea ni jambo la kulifikiria mapema katika kisiwa. Mkanda wa chombo chako ukikosekana madukani Chake Chake, utasubiriwa utoke Unguja au Dar es Salaam kwa boti. Kwa hiyo wapo wanaonunua miwili kwa pamoja: mmoja unafungwa, wa pili unaviringishwa kwenye kitambaa kikavu na kuwekwa chini ya kiti, bila kukunjwa kwa nguvu. Ukikatikia Pujini au Konde, fundi wa kijijini atakuwa na kazi ya saa moja au mbili, na watoto watalala kwao usiku huo.